Seti ya Biblia, ratiba na daftari la sala (Moshi): nilichokipenda na kilichonikera

Niseme mapema hili sio tangazo, hakuna aliyenilipa, na duka lenyewe silitaji maana kuna vitu nitavilalamikia hapa na sitaki maneno na watu ninaopishana nao kila siku mjini. Ni duka la vitabu vya dini hapahapa Moshi mjini, wale wa Moshi mtahisi mkitaka. Wanauza kitu wanachokiita seti, ndani kuna Biblia ya Union Version ya maandishi makubwa yenye zipu, karatasi ya ratiba ya kusoma Biblia nzima mwaka mmoja, na daftari la sala. Seti ni 45,000. Biblia ukinunua peke yake ni 36,000, daftari peke yake 7,000, na ratiba ni bure ukiiomba tu pale kaunta, sasa piga hesabu mwenyewe uone ile 2,000 inayobaki inalipia nini. Inalipia mfuko wa zawadi wenye utepe. Kwaiyo kama hununui kumpelekea mtu kipaimara, chukua kimoja kimoja.

Nianze na Biblia maana ndo watu wengi wanaifuata. Maandishi ni makubwa kweli sio makubwa ya kwenye jalada tu, mama mkwe anaisoma bila miwani hata kwa taa ya sola umeme ukikatika, na maneno ya Yesu yako mekundu japo wekundu wenyewe kwenye kurasa zingine umepauka kidogo. Nyuma kuna itifaki, yani orodha ya maneno na mistari yanapopatikana, ambayo kwa mtu anayesoma kila siku ni msaada mkubwa sana kuliko ramani, maana unakumbuka neno moja tu la mstari uliousikia kanisani, unatafuta, unaupata. Karatasi ni ile nyembamba ya Biblia, ukipaka kalamu za kung'arisha rangi inatokea upande wa pili, tumia penseli ya rangi. Ugonjwa wake ni zipu. Inakwama kwenye kona, unavuta, unavuta tena, siku moja meno yanaachana na ndo basi, mi nilienda kwa fundi wa mabegi Mbuyuni akaniwekea nyingine ya 3,000 na hiyo ya kwake ndo imekaa mpaka leo. Na ni nzito jamani. Ya nyumbani iko sawa, ila kuibeba kupandisha nayo Kibosho kwenye ibada za nyumba kwa nyumba utaamua kuazima ya jirani.

Sasa ratiba. Hapa kuna kitu kinanikera ambacho sijaona watu wakikisema. Karatasi haiandiki imetoka wapi, ila ukiangalia tarehe 1 Januari unakuta Mwanzo 1, Mathayo 1, Ezra 1 na Matendo 1, na hiyo moja kwa moja ni ratiba ya Robert Murray M'Cheyne, mchungaji wa Dundee kule Scotland aliyewatengenezea washarika wake mwaka 1842. Kijana kabisa, alifariki mwaka uliofuata akiwa na miaka 29. Ratiba yake inakupitisha Agano la Kale mara moja kwa mwaka, Agano Jipya na Zaburi mara mbili, kwa hiyo kila siku ni kama sura nne. Ni ratiba nzuri, imedumu kwa sababu nzuri. Tatizo ni walichokitoa. M'Cheyne aligawa zile sura nne mafungu mawili, mbili za kusoma na familia na mbili za mtu mwenyewe faraghani. Hii karatasi ya hapa imefuta vichwa hivyo imebakiza safu nne tupu, matokeo yake mtu anaamka saa kumi na moja anataka kumeza zote nne peke yake kabla hajawasha jiko, anafika ya tatu macho yanasoma akili iko kwenye ada ya mtoto.

Na kingine, M'Cheyne mwenyewe aliandika hatari za ratiba yake kwenye utangulizi wake. Alisema mtu anaweza kusoma kama desturi tu, anaweza kujiona mwenye haki kwa sababu amemaliza sura zake, anaweza kusoma bila makini, na wengine itawaelemea kama nira nzito. Yaani aliyetengeneza ratiba anakuonya kuhusu ratiba! Nusu ukurasa ungetosha kuweka hayo maonyo, na wangekuwa wamewasaidia watu kuliko ile picha ya njiwa waliyoijaza pale juu.

Zile ratiba zingine za kwenda moja kwa moja toka Mwanzo ndo usiseme. Biblia yetu ya vitabu 66 ina sura 1,189, ukigawa kwa siku 365 ni sura tatu na kitu kila siku, Mwanzo ina 50 na Kutoka 40, kwa hiyo mwisho wa Januari ushaingia Walawi, na hapo ndo watu wanapotawanyika. Kila mwaka ni hivyo hivyo, kwenye nyumba kwa nyumba Januari kila mtu anasimulia Yusufu na ndugu zake, Februari kimya.

Ila Walawi inaonewa bwana. Nitairudia hapo chini.

Kitu cha maana kwenye hii seti, kilichonifanya nikae niandike yote haya, ni lile daftari la 7,000. Kwa nje ni la kawaida sana, jalada la kahawia, waya pembeni, limechapwa na watu wa stationari. Ndani kila ukurasa una sehemu nne zimeandikwa Fundisho, Shukrani, Toba, Ombi. Basi. Unasoma kifungu, unaandika kwa mpangilio huo, halafu ulichoandika unakiomba. Nilivyoliona mara ya kwanza nilijua hiki kitu sio cha kwao, ni cha Martin Luther, na kwa sisi Walutheri wa huku ni aibu kidogo kwamba tunajua Katekisimu kwa kichwa ila hii hatuijui. Mwaka 1535 kinyozi wake pale Wittenberg, Ujerumani, anaitwa Peter, alimuuliza mtu anasalije, Luther akamjibu kwa maandishi marefu. Akamwambia yeye anachukua neno, mfano amri mojawapo ya zile kumi, analisuka mara nne, kwanza kama kitabu cha mafundisho, pili kitabu cha nyimbo yani shukrani, tatu kitabu cha toba, nne kitabu cha sala. Akampa na mfano wa kazi yake mwenyewe, kwamba kinyozi mzuri macho na akili viko kwenye wembe na nywele, akianza kupiga stori huku anaangalia pembeni atamkata mtu mdomo au pua, hata koo. Kama wembe unataka akili yote ya mtu, sala je. Nenda saluni yoyote pale Majengo Jumamosi jioni mpira ukiwa unaonyeshwa kwenye tivii utamwelewa Luther vizuri sana.

Jinsi linavyofanya kazi, ntaweka mfano mmoja kamili maana maelezo matupu hayasaidii. Chukua Walawi 19:9-10, ile ya kuvuna. Kwa kusoma haraka ni sheria za wakulima wa zamani, unapita. Kwa daftari unalazimika kusimama. Fundisho: Mungu anasema usivune mpaka pembe za shamba, usirudi kuokota masazo, na zabibu zilizoanguka ziache, ni za maskini na mgeni. Hajasema ukishavuna uwape, amesema uache shambani waje wachukue wenyewe, maskini anafanya kazi anaondoka na mzigo wake mgongoni hajamlamba mtu miguu. Hiyo sikuwahi kuiona mpaka nilipolazimika kuiandika. Shukrani: sisi tuna mahindi ya tambarare, mvua ya masika ikikaa vizuri kuna cha kuvuna, na kuna watu waliotusaidia kupalilia. Toba: hapa kila mtu na yake, siandiki yangu mtandaoni, ila ukishasoma kuhusu masazo halafu unakumbuka wale akina mama wanaopita nyuma ya wavunaji kuokota maharage na jinsi wanavyofukuzwa na wasimamizi kama kuku, sehemu ya toba haikosi cha kuandika. Ombi: na hapa ndo nilipoona tofauti, maana sala ya kawaida ningesema Bwana bariki mavuno yetu, amina. Safari hii ombi lilikuwa na watu ndani yake, nawajua kwa majina, na likaisha na simu kwa kijana anayesimamia shamba kwamba ile mistari ya upande wa njia isivunwe, iachwe. Alidhani nimechanganyikiwa. Meku (mzee) mmoja wa jirani yeye akacheka akasema hivyo ndo walivyokuwa wakifanya zamani.

Unaona, sala imetoka kwenye maandiko. Ndo hoja yangu kuu kwenye hii rivyuu nzima. Wengi wetu tunasoma halafu tunafunga Biblia halafu tunaanza kuomba vitu vyetu vilevile vya jana, kazi, watoto, afya, safari njema, utafikiri Mungu alikuwa anaongea na mtu mwingine hapo kabla. Daftari linakuzuia kufanya hivyo, kwa sababu ombi liko chini ya fundisho kwenye ukurasa huohuo na ukiandika ombi lisilohusiana unaona kabisa umebadilisha mada.

Na Biblia yenyewe imejaa watu waliofanya hivyo. Matendo 4 Petro na Yohana wametishwa, wametoka kwenye baraza, wenzao wanapaza sauti kusali na katikati ya sala wanaitaja Zaburi ya 2, mataifa wameghadhibika, halafu wanaomba kutokea hapo, na hawakuomba vitisho viishe, waliomba ujasiri wa kunena. Nehemia 1 anamkumbusha Mungu maneno aliyompa Musa. Yesu msalabani anasali kwa maneno ya Zaburi 22 na 31. Hawa watu waliposali midomo yao ilikuwa imeshajaa maandiko.

Sasa malalamiko juu ya daftari, na ninayo. La kwanza kurasa zina tarehe tayari. Ukiugua au ukisafiri wiki moja unarudi unakuta kurasa saba nyeupe zinakuangalia, na ile nira nzito aliyoisema M'Cheyne inarudi kwa mlango wa nyuma. Watoe la bila tarehe jamani, mbona rahisi. La pili sehemu ya Ombi ni fupi kuliko zote, sijui nani alipima, mistari mitatu tu. La tatu ndo kubwa. Chini ya kila ukurasa wamechapa mstari wa kutia moyo, na mistari yenyewe inajirudia, sana sana Yeremia 29:11, ule wa mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini. Unakutana nao mpaka unachoka. Na umekaa peke yake kama tangazo.

Huo mstari uko kwenye barua. Yeremia anawaandikia watu waliochukuliwa mateka Babeli, anawaambia jengeni nyumba mkae, pandeni bustani, oeni, uombeeni amani mji ule niliowapeleka, na mstari wa 10, mmoja tu kabla, unasema itakuwa miaka sabini. Sabini! Wengi waliosomewa ile barua walijua watazikwa hukohuko. Ukiondoa wa 10 ukabakiza wa 11 umepata kitu cha kuweka status na watu waandike amina napokea. Halafu nenda Danieli 9 uone msomaji mwenyewe wa ile barua alifanyaje. Danieli ameshazeeka, anasoma vitabu, anaona neno la Bwana kwa Yeremia kuhusu miaka sabini, na kwa hesabu muda unakaribia. Angeweza kuandika napokea. Badala yake anauelekeza uso wake kwa Mungu kwa kufunga na magunia na majivu, na sala yake ukurasa mzima ni tumefanya dhambi, tumefanya, sisi, hajiweki pembeni hata yeye ambaye kitabu kizima hakijataja kosa lake. Fundisho lipo, toba ipo ndefu, ombi lipo mwishoni na ni kwa ajili ya mji na watu. Ukitaka kujifunza kutumia hili daftari acha maelekezo yao ya ukurasa wa kwanza, soma Danieli 9 mara mbili taratibu. Na ile mistari ya chini mi nimebandika karatasi juu yake.

Kuna watu wataniuliza, sasa usome ngapi kwa siku. Kwa maoni yangu soma mbili tu za ratiba ya M'Cheyne, zile nyingine mbili fanya na watu wa nyumbani jioni kama alivyokusudia au ziache, kisha chagua mistari michache humo ndo uiandikie. Siku ambazo kichwa hakifanyi kazi kuna njia ya Zaburi ambayo haihitaji ratiba kabisa. Unachukua tarehe ya leo, hiyo ni Zaburi ya kwanza, unaongeza 30, tena 30, mpaka zinafika tano. Tarehe 28 unapata ya 28, 58, 88, 118 na 148. Unapitisha macho zote tano, unachagua moja inayofanana na ulivyoamka. Zinaingia 150 zote kwenye siku 30 na tarehe 31 unarudia ya 119, ambayo peke yake ina mistari 176, kwa hiyo ipo ya kukutosha.

Hiyo tarehe 28 nimeitaja makusudi. Zaburi 88 ndo ile isiyo na mwisho mzuri, inaanza na kulia na inaishia gizani, hakuna lile lakini mimi nitakusifu la kwenye zaburi nyingine. Tulikuwa tunauguza mtu hospitali ya KCMC kipindi fulani, kukaa pale kwenye mabenchi unasubiri muda wa kuona wagonjwa, na ilipoangukia tarehe hiyo niliandika Fundisho, Toba na Ombi, sehemu ya Shukrani nikaiacha wazi. Luther mwenyewe hakumlazimisha Peter ajaze zote nne, alimwambia wazo moja likimshika akae nalo, mengine ayaache. Ukurasa ule naupenda kuliko mingi iliyojaa.

Kuhusu simu, najua mtasema mbona app zipo za bure. Zipo na nazitumia, YouVersion ipo toka 2008, haina gharama, Kiswahili kipo cha zaidi ya tafsiri moja, na ukiwa unamenya ndizi au uko kwenye hiace unaelekea Marangu unasikiliza tu. Kwa kusikia na kutafuta mstari haraka simu inashinda, sina ubishi. Ila kwa kazi hii ya kuandika na kusali mi simu imenishinda. Unasoma Zaburi, juu inashuka meseji ya kikoba kwamba fulani hajaweka hisa, sala imeishia hapo. Na zile app zinazokuhesabia siku ulizosoma mfululizo bila kukosa, mmh, mi naona zinamfanya mtu afungue saa tano na dakika hamsini usiku asome mistari miwili ya kulinda namba yake. Labda kwa kijana anayeanza inasaidia kujenga mazoea, sikatai.

Jirani yangu Mkatoliki nilimwonyesha daftari akalichukua palepale, na kwake limekaa vizuri kuliko kwangu. Wao hawahitaji ratiba ya dukani, masomo ya misa ya kila siku yameshapangwa, Jumapili kwa mzunguko wa miaka mitatu A, B na C, siku za kawaida somo la kwanza linabadilika mwaka wa shufwa na mwaka wa witiri, Injili inabaki. Na masomo ni mafupi, ndo ukubwa unaofaa kuandikia. Yeye kwa Biblia asingechukua hii ya kwenye seti lakini, maana haina deuterokanoni, vile vitabu vya Agano la Kale ambavyo Wakatoliki wanavyo na sisi hatuna, kwa hiyo Wakatoliki mnaonunua angalieni, ulizeni ile Habari Njema yenye vitabu hivyo, dukani ipo japo bei imepanda.

Huduma ya dukani? Dada wa kaunta ni mkarimu, anakuacha ufungue uguse usome hata nusu saa hakufukuzi. Risiti mpaka uombe. Wanafunga mchana muda ambao watu wa ofisini ndo wanatoka, na Jumamosi ukichelewa saa nane umekosa. Nilipowarudishia habari ya zipu walisema haiko kwenye dhamana, sawa, ila waiambie hiyo kwa anayenunua kabla hajalipa.

Kwa hiyo kama una Biblia nyumbani usinunue seti. Chukua daftari, omba ratiba, na juu ya ile ratiba andika mwenyewe kwa kalamu familia kwenye safu mbili na faragha kwenye mbili. Kama 7,000 nayo ni shida nunua kaunta buku ya kwaya moja stationari yoyote, piga mistari ya rula ugawe ukurasa mara nne, mpe Ombi nafasi kubwa zaidi, na hutakuwa na tarehe wala Yeremia 29:11 ya kubandikia karatasi. Seti nzima inamfaa mzee ambaye macho yanasumbua na hana Biblia ya maandishi makubwa, au mtoto wa kipaimara, pamoja na ule mfuko wa utepe.

Wale wa Arusha mtakaouliza kama wanatuma, wanatuma kwa basi la asubuhi, nauli ya mzigo unalipa wewe stendi ukipokea. Waambie waijaribu zipu kwanza kona zote nne kabla hawajafunga boksi.